Utando wa Leland Clark

Msikilizaji, jioni hii nataka tuzungumze juu ya mtu ambaye kazi yake imo mikononi mwa mamilioni ya wagonjwa duniani, lakini jina lake ukilitaja hata kwenye korido za hospitali zetu, wachache sana watalitambua. Anaitwa Leland Clark. Alizaliwa Rochester, jimbo la New York, Marekani, Desemba 1918, na akafariki Septemba 2005. Kwa miongo kadhaa alihangaika na swali moja tu: tufanye nini ili umeme utuambie kilichomo ndani ya damu, papo hapo, mgonjwa akiwa bado yuko mbele yetu?

Anayeishi na kisukari ameshaliona jibu la swali hilo. Anachoma kidole, tone la damu linanyonywa na ncha ya stripu, sekunde tano zinapita, namba inatokea. Namba ile inatokana na mkondo mdogo sana wa umeme. Ndani ya kile kipande chembamba cha plastiki kimepakwa kimeng'enya kinachoichagua sukari katikati ya kila kitu kilichomo ndani ya damu. Kinaipokonya elektroni, elektroni zinapita kwenye wino wa kaboni, na mashine inazipima. Vifaa vya namna hii, vinavyounganisha kitu kilichotoka kwenye uhai na waya wa umeme, ndivyo vinavyoitwa baiosensa, na Clark ndiye anayehesabiwa kuwa baba yake.

Ila Clark hakuanza na sukari. Alianza na hewa.

Alisoma kemia katika chuo kidogo cha Antioch, mji wa Yellow Springs, Ohio, akamaliza 1941. Shahada ya uzamivu akaipata Chuo Kikuu cha Rochester mwaka 1944, kisha akarudi Antioch kufanya utafiti. Wakati huo madaktari wa upasuaji walikuwa na hamu kubwa ya jambo ambalo lilikuwa bado halijawezekana: kuufungua moyo wa binadamu na kuurekebisha. Moyo hauwezi kushonwa huku unadunda na kusukuma damu. Lazima usimamishwe, na kwa muda huo kiwepo kitu kingine cha kuisukuma damu na kuipa oksijeni. Clark na wenzake, akiwemo Frank Gollan, walibuni njia ya kupitisha viputo vya oksijeni ndani ya damu yenyewe, kisha kuondoa povu kwa silikoni ili viputo visije vikaingia mwilini na kuua. Maelezo ya njia hiyo yalichapishwa mwaka 1950.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa ndilo lililoiamua kazi yake yote. Wanaoisimulia historia yake wanaeleza kwamba alipopeleka matokeo ya kifaa kile kwenye jarida moja, yalikataliwa. Sababu? Hakuwa na namna ya kuonyesha ni oksijeni kiasi gani iliyokuwa ndani ya damu inayotoka kwenye kifaa chake. Alikuwa na mashine ya kuipa damu hewa, ila hakuwa na ushahidi kwamba damu imeipata kiasi kinachotakiwa.

Mtu mwingine angeng'ang'ana na mhariri, au angetafuta jarida lenye masharti nafuu. Clark alikubali kwamba swali lile lilikuwa la haki. Vipimo vilikuwepo, tena vya uhakika, lakini vilitaka damu itolewe, ipelekwe maabara, ichanganywe na kemikali ndani ya mirija yenye zebaki, na fundi mwenye subira akae hapo akisoma. Jibu likirudi, mgonjwa wa upasuaji ameshapona au ameshakufa. Clark alitaka kipimo kinachokaa ndani ya mkondo wa damu na kusema sasa hivi oksijeni iko kiasi gani.

Msingi wa kielektrokemia ulikuwa umeshajengwa. Huko Prague, Jaroslav Heyrovský alikuwa ameonyesha tangu 1922 kwamba ukipitisha umeme kwenye kimiminika na kubadilisha volti kidogo kidogo, kila kitu kilichoyeyuka humo hujitambulisha kwa volti yake. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1959. Ukichukua waya wa platini ukaupa volti hasi ya kiasi cha 0.6, oksijeni inayoufikia hupokea elektroni, nne kwa kila molekuli. Oksijeni ikiwa nyingi, mkondo unakuwa mkubwa. Ikipungua, mkondo unashuka. Kwenye maji safi jambo hili linakwenda vizuri kabisa.

Damu lakini si maji safi. Ina protini, ina seli, ina mafuta, na vyote hivyo huganda juu ya platini kwa muda mfupi na kuuziba uso wake. Clark alijaribu kuufunika waya kwa selofani, na mwaka 1953 yeye na wenzake walichapisha matokeo. Hali ilikuwa nafuu, lakini haijatengemaa. Mkondo wa umeme unahitaji vituo viwili, na kituo cha pili kilikuwa bado nje ya kifuniko, kikiogelea kwenye damu. Kwa hiyo umeme ulilazimika kupita kwenye damu yenyewe, na kila badiliko la damu liliuvuruga.

Mwaka 1954 akapata ufumbuzi. Aliweka vituo vyote viwili, platini na fedha, pamoja ndani ya kichwa kimoja cha kifaa, akatia maji ya chumvi kidogo kati yao, halafu akafunika vyote kwa utando mmoja mwembamba wa polithini. Utando ule ulifanya kazi ya chandarua: hewa inapita, kisichotakiwa kinabaki nje. Oksijeni iliweza kupenya. Protini, seli, hata maji na chumvi za damu havikuweza. Mzunguko wa umeme ukakamilika ndani, nyuma ya utando, bila kuigusa damu hata kidogo.

Naomba tusimame hapa kidogo, maana watu hupita haraka sana kwenye jambo hili. Katika kifaa hiki hakuna kitu hata kimoja ambacho Clark alikivumbua peke yake. Platini ilijulikana, fedha ilijulikana, polithini ilikuwa ikiuzwa madukani. Kilichokuwa kipya ni mahali pa kuuweka utando. Na kwa uamuzi huo, kipimo kilichokuwa cha mabingwa wachache kikawa kitu ambacho muuguzi anaweza kukitumia. Hataza yake ilitolewa Marekani mwaka 1959, na muundo ule ule unaitwa hadi leo elektrodi ya Clark.

Faida yake ilionekana haraka kuliko yeye mwenyewe alivyoweza kuifuatilia. John Severinghaus, daktari wa usingizi, aliiunganisha elektrodi hiyo na vipimo vya kaboni dayoksaidi na vya asidi, ikazaliwa mashine ya kupima gesi za damu ambayo hakuna chumba cha wagonjwa mahututi kinachojiheshimu kinachokosa.

Na kuna habari ya watoto njiti, ambayo kila nikiisoma inaniumiza. Katika miaka ya 1940 hospitali za Marekani na Ulaya ziliwaweka watoto hawa kwenye visanduku vya joto na kuwapulizia oksijeni kwa wingi, kwa nia njema kabisa. Maelfu wakapofuka. Mwaka 1953 na 1954 utafiti mkubwa wa Marekani ulithibitisha kuwa oksijeni nyingi ilikuwa ikiharibu mishipa ya macho yao. Basi madaktari wakaibana oksijeni, na wengine kati ya watoto wakafa au wakaathirika ubongo kwa kuikosa. Ikizidi, macho yanapotea. Ikipungua, uhai unapotea. Pasipo kipimo, daktari alikuwa anakisia juu ya maisha ya kiumbe cha kilo moja. Elektrodi ya Clark ndiyo iliyowezesha kujua, na katika miaka ya 1970 watafiti wa Ujerumani waliitengeneza kwa umbo la kubandikwa juu ya ngozi ya mtoto, ikapashwa joto kidogo, isome oksijeni bila kuchoma sindano. Kile kibanio cha kidoleni tulichokizoea wakati wa Uviko ni kitu kingine, kinatumia mwanga, kilibuniwa Japani na Takuo Aoyagi. Lakini kabla yake, njia ilikuwa ni hii.

Elektrodi hiyo hiyo ikatoka hospitalini ikaenda majini. Wafugaji wa sato kwenye vizimba vya Ziwa Victoria wanajua hofu ya asubuhi moja kukuta samaki wote wanaelea, baada ya maji ya chini yenye oksijeni haba kupanda juu. Vipimo vya oksijeni vinavyotumbukizwa ziwani, kwa miaka mingi, vimekuwa na kichwa chenye platini, fedha na utando. Leo vipo pia vya mwanga, lakini vile vya zamani bado vinafanya kazi, na ukimwona mtafiti wa samaki anabadilisha kiutando kilichochakaa kwa makini, basi anashika mawazo ya Clark.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Clark alihamia Alabama, chuo cha udaktari cha Birmingham, akawa karibu zaidi na chumba cha upasuaji. Huko, mwaka 1959, yeye na Lionel Bargeron walionyesha njia ya kugundua tundu kwenye moyo wa mtoto. Mtoto anavutishwa pumzi moja ya hidrojeni. Waya wa platini umeshaingizwa kupitia mshipa hadi upande wa kulia wa moyo. Moyo ukiwa mzima, hidrojeni itapita kwenye mapafu, izunguke mwili wote, na itachukua sekunde kadhaa kufika kwenye waya. Ikitokea mara moja, ina maana kuna tundu, damu inavuja kutoka kushoto kwenda kulia. Sijui kipimo kingine kilichojibu swali zito kiasi hicho kwa pumzi moja.

Ndipo tunapofika mwaka 1962. Clark, pamoja na daktari wa upasuaji Champ Lyons, walichapisha makala kuhusu elektrodi za kufuatilia hali ya mgonjwa wakati wa upasuaji wa moyo. Ndani yake kulikuwa na pendekezo ambalo huenda wasomaji wengi wa wakati huo walilipita. Walisema: chukua elektrodi ya oksijeni, ongeza utando wa pili, na katikati ya tando mbili utie kimeng'enya kinachoitwa glukosi oksidesi. Kimeng'enya hiki hupatikana kwenye kuvu. Kikikutana na glukosi, huibadilisha, na kwa kufanya hivyo hutumia oksijeni. Sukari ikiwa nyingi kwenye damu, oksijeni nyingi itatumika, na mkondo wa umeme utashuka. Pima kushuka kwake, umepima sukari.

Kwa nini nalisifu wazo hili kuliko yote? Kwa sababu sukari peke yake haikuwa na njia rahisi ya kujitambulisha kwa umeme katikati ya damu. Clark akamtafutia umeme mkalimani, na mkalimani huyo akamchukua kutoka kwa viumbe hai, ambao kwa mamilioni ya miaka wamejifunza kuitofautisha molekuli moja na nyingine. Mlango ukafunguka. Mwaka 1967 Updike na Hicks wakakifunga kimeng'enya ndani ya jeli ili kidumu zaidi. Mwaka 1969 George Guilbault akatengeneza elektrodi ya urea. Baadaye zikaja za kolesteroli, za pombe, za laktati. Leo kuna watafiti wanaoweka kingamwili au vipande vya DNA mahali pa kimeng'enya, wakitafuta virusi, saratani, dawa za kuua wadudu zilizobaki kwenye mboga.

Mwaka 1966 Clark alifanya jaribio lililomletea sifa ya aina nyingine. Yeye na Gollan walizamisha panya ndani ya kimiminika cha florini na kaboni kilichojazwa oksijeni, na panya wakavuta kimiminika kile mapafuni wakabaki hai. Kazi hiyo ilizaa utafiti mrefu wa damu bandia. Ina hadithi yake, na leo siiingii. Naitaja tu ili uone kwamba lilikuwa ni lile lile swali la oksijeni, limegeuzwa upande wa pili.

Mwaka 1968 akaenda hospitali ya watoto ya Cincinnati, akabaki huko hadi alipostaafu mwaka 1991. Na mwaka 1975 kampuni ya Yellow Springs, mji ule ule wa chuo chake cha ujana, ikaingiza sokoni mashine ya kwanza ya kupima sukari iliyojengwa juu ya wazo lake. Ilihitaji damu kidogo sana, sehemu 25 za milioni ya lita. Lakini ilikuwa kubwa, ya bei, yenye platini. Ilikaa maabara. Mgonjwa alibaki nyumbani na maswali yake.

Hatua ya kumfikia mgonjwa haikuwa ya Clark. Ilifanywa Uingereza, na watu wa vyuo vya Oxford na Cranfield, akina Allen Hill na Anthony Turner na wenzao. Mwaka 1984 walichapisha njia ya kuiweka oksijeni kando kabisa na kutumia ferosini, molekuli yenye chuma inayobeba elektroni kutoka kwenye kimeng'enya hadi kwenye kaboni. Platini ikaondoka. Kilichobaki ni kitu kinachoweza kuchapwa juu ya plastiki kwa wino, kwa maelfu, kama vile kinavyochapwa kitambaa. Mwaka 1987 ikatoka mashine ya ukubwa wa kalamu. Kutoka makala ya 1962 hadi kalamu hiyo ni miaka 25.

Nimeihesabu miaka hiyo kwa makusudi, msikilizaji, kwa sababu safari haijafika kwetu bado. Mashine tunazo. Wakati mwingine hata zinagawiwa bure. Gharama iko kwenye stripu, kila siku, kila mwezi, maisha yote. Shangazi yangu aliyeko Tanga hupima mara mbili kwa wiki. Daktari hakumwambia hivyo. Kopo la stripu ndilo linaloamua. Na kuna mama wengi wa namna hiyo ambao hufika kliniki wakiwa na namba moja tu ya mwezi mzima, na daktari anatakiwa kupanga dozi ya insulini kwa namba hiyo moja.

Kisha kuna joto. Soma maandishi madogo kwenye kopo: stripu nyingi zinataka zisizidi nyuzi 30. Dar es Salaam mwezi Februari, Mombasa mwezi Machi, chumba cha bati kinazidi hapo kabla ya saa sita mchana. Kimeng'enya ni protini, na joto na unyevu vinakidhoofisha. Ndiyo maana nawaomba wasikilizaji wenye mashine: kopo lisiachwe wazi, stripu isihamishiwe kwenye karatasi wala mfukoni, na kopo lisikae dirishani. Kile kifuniko kina dawa ya kunyonya unyevu, hakikuwekwa kwa urembo.

Na kuna la tatu, ambalo ndilo linalonisumbua zaidi. Mashine nyingi, hasa za zamani, husoma sukari kuwa juu kuliko ilivyo kweli pale mgonjwa anapokuwa na upungufu wa damu. Chembe nyekundu zikiwa chache, tone la damu linakuwa na maji mengi zaidi, na sukari inaifikia elektrodi kwa urahisi. Mfikirie mtoto mwenye malaria kali. Malaria inamla damu, na malaria hiyo hiyo inaweza kuishusha sukari yake hadi hatari ya kifo. Mashine inaweza kusema sukari iko sawa wakati haiko sawa. Zipo mashine mpya zinazojirekebisha kwa jambo hili. Hospitali inaponunua, swali la kwanza kwa muuzaji liwe hilo, kabla ya swali la bei.

Swali hilo ni lile lile aliloulizwa Clark na mhariri: unajuaje? Lakini la kwetu haliwezi kujibiwa vizuri na kiwanda kilichoko nchi ya baridi, kinachopima stripu zake kwa damu ya watu wasio na malaria. Linataka wakemia wa Dar es Salaam, wa Nairobi, wa Makerere, wakae wodini na wauguzi, waone stripu inavyoteseka, kisha warudi maabara. Misingi yake haifungwi tena na hataza za Clark wala za 1984. Muda wake umeshapita zamani. Vifaa navyo havitishi kama zamani. Mwaka 2011 watafiti wa California walichapisha bure michoro ya chombo cha kupimia mikondo hii, ambacho mwanafunzi anaweza kukiunda mwenyewe kwa chini ya dola 80. Na Chuo Kikuu cha Western Cape, Afrika Kusini, kina maabara nzima ya vihisi vya kielektrokemia, inayoitwa SensorLab, iliyoongozwa na Profesa Emmanuel Iwuoha na kulea wanafunzi wa uzamivu kutoka sehemu mbalimbali za bara hili. Kazi hii tayari inafanyika barani Afrika.

Clark alipewa Tuzo ya Russ, ya uhandisi wa tiba, mwanzoni mwa mwaka 2005, akiwa na umri wa miaka 86. Miezi michache baadaye akafariki. Nobel hakuipata, na sioni kama inahitajika kuililia. Ninachokililia ni stripu inayovumilia nyuzi 40, inayosema kweli kwa mtoto asiye na damu, na ambayo shangazi anaweza kuinunua bila kupunguza unga wa nyumbani. Mwanafunzi wa kemia unayenisikiliza jioni hii, hilo ni somo la uzamivu, na bado halijachukuliwa lote.